Yai Lisiloonwa na Mtu

Wiki iliyopita fundi alikuja ofisini kwetu kufungua kompyuta moja iliyochoka, iliyokuwa inajizima yenyewe. Alipotoa mfuniko wa pembeni na kupuliza ndani, likatoka vumbi la moto lenye harufu ya plastiki iliyochemka, na mwili ukanisisimka kabla akili haijajua kwa nini. Wenzangu walipiga chafya wakacheka. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye korido, mtu mzima na watoto wangu, naogopa vumbi. Ni mwoga tangu zamani na sijawahi kujidai vingine, lakini woga wa namna ile nilikuwa na miaka sijakutana nao. Nilisimama pale mpaka nikautambua. Ulikuwa woga wa Kariakoo, wa chumba cha mbele cha akina Nila.

Nyinyi wa rika langu mtakumbuka jinsi vitu vilivyotuingilia mjini vyote kwa pamoja. Wazazi wetu walisimulia foleni za sabuni na sukari kama watu waliotoka vitani. Sisi tulikuta maduka yamefurika, bidhaa zimemwagwa mpaka barabarani, na kila ukigeuka kuna kitu kipya ambacho hakijapata hata jina. Baba alikuwa anauza mabeseni na kandambili Mtaa wa Kongo. Tulikaa ghorofani, kwenye jengo lenye ngazi za giza hata saa sita mchana, na chini kabisa, upande wa barabara, ndipo walipokuwa akina Nila. Baba yake alikuwa fundi redio, Mhindi mpole aliyejua kila mtu kwenye jengo kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Redio za bei chee zilipojaa Kariakoo, watu wakaacha kutengeneza za zamani, wakawa wanatupa na kununua nyingine, naye akabaki amekaa tu na bisibisi zake. Mwishowe alimwachia binti yake chumba cha mbele. Nila, aliyekuwa ndiyo kwanza katoka chuo, akapanga humo kompyuta za mtumba na kuandika mlangoni kwa rangi nyekundu: INTANETI.

Asubuhi mama yake Nila alikuwa anachoma vijiti vya udi mbele ya picha ya mungu wao, juu kwenye rafu. Mashine zikishawaka, vumbi lililomo ndani linapata moto, na harufu yake inachanganyika na ule udi. Halafu kile kidude cha kupigia simu ya intaneti kinaanza kukoroma na kupiga miluzi kama bomba lenye hewa. Mpaka leo nikivuta pumzi vizuri naweza kukisikia.

Nilianza kukaa humo kipindi ambacho Mama hakuwepo nyumbani.

Nilijua ana mimba kabla sijaambiwa. Nilikuwa mtoto wa pekee, na mtoto wa pekee hana kazi nyingine zaidi ya kumwangalia mama yake. Siku moja alikuwa anaanua nguo, khanga ikalegea, nikatazama pale ambapo alikuwa anafunika sana siku hizo. Akaniona natazama. Aliniziba mdomo kwa kiganja, kiganja kinanuka sabuni, ingawa nilikuwa sijasema neno.

"Usimwambie mtu," alisema. "Si mwalimu, si rafiki zako wa chini, si bibi yako Tanga. Umenisikia? Mtu yeyote."

"Nimesikia, Mama."

Baada ya hapo asubuhi moja niliamka nikakuta hayupo. Baba akasema amekwenda Tanga kumtazama bibi. Mama mdogo Rehema akahamia kwetu kutoka Magomeni na khanga zake kwenye mfuko wa rambo, kunipikia na kunisuka. Lakini kila alfajiri alikuwa anajaza uji kwenye chupa ya chai, anaifunga kwenye taulo, anatoka, na kabla ya adhuhuri amesharudi na chupa tupu. Hata mtoto anajua uji haupelekwi Tanga ukarudi mchana. Sikuuliza. Nyumba yetu ilikuwa na jibu moja kwa maswali ya namna hiyo, nalo ni "hayo ni mambo ya wakubwa," na likishasemwa unaonekana umekosa adabu kwa kuuliza.

Nilichojua nilikisikia jikoni, nimejibanza nyuma ya mlango. Mama mdogo alikuwa anamnong'oneza Baba.

"Zile mbili za mwanzo, shemeji, watu walijua mapema mno. Wakamtazama tumbo, wakasifia weee, mpaka zikaharibika. Hii isionwe na mtu."

Nilisikia kijiko cha Baba kikigonga kikombe, kinazunguka na kuzunguka, sukari ikiwa imeshayeyuka zamani.

Basi nikashika hilo: kitu ambacho hakijazaliwa, kikitazamwa, kinakufa. Nilikuwa nimeshasikia habari za kijicho kama mtoto yeyote wa pale, lakini siku ile ziliniingia mwilini. Kumbe niliwahi kuwa na wadogo zangu wawili, wakatazamwa. Na mimi nilikuwa nimemtazama Mama tumbo siku ile ya nguo. Nilikuwa nikilala nafumba macho kwa nguvu, kana kwamba jicho langu lingeweza kutoka lenyewe gizani likaenda mpaka alipo.

Nila alinikuta nimekaa ngazi ya mwisho, mchana, na sare zangu za shule. Sikutaka kupanda juu kwenye nyumba isiyo na Mama.

"We mtoto, mbona umejikunyata gizani kama paka? Mambo?"

"Poa, Dada Nila."

"Poa gani hiyo? Ingia ndani, kuna feni."

Ilikuwa saa ile ya mchana iliyolala, makarani wameshamaliza barua zao na vijana hawajaja. Nila alikuwa peke yake mbele ya kompyuta ya mwisho, anakula karanga. Kwenye kioo palikuwa na rafu iliyochorwa, na juu ya rafu mayai ya rangi mbalimbali, yanatikisika kidogo kidogo.

"Nini hicho?"

"Mayai ya watu," alisema. "Huyu wa Uholanzi, huyu sijui wa wapi. Ngoja nikuonyeshe langu."

Ilikuwa tovuti ndogo sana. Nasema hivyo sasa, wakati ule niliiona kubwa kama dunia. Ukijiandikisha unapewa yai. Yai haliwezi kujiangulia lenyewe, na wewe mwenye yai huwezi kuliangua hata ukeshe nalo. Linapata joto likitembelewa na wengine tu. Kila mchezaji anayefungua ukurasa wako na kuligusa yai analiachia joto kidogo, na wewe unakwenda kugusa ya kwao. Likipata joto la kutosha linapasuka, anatoka mnyama, unamlisha na kumlea. Likikosa, linaanza kubadilika rangi, kutoka ya maziwa kwenda ya buluu, na siku likiwa buluu lote linaondolewa kwenye rafu na nafasi yake inabaki tupu.

Mwenye tovuti alikuwa mwanamke mtu mzima, mahali fulani kwenye baridi. Sisi tulimwita Mama Mayai. Nimeishi nikaona mitandao mikubwa yenye watu kama mchanga, ambapo mgeni akiingia anatukanwa kabla hajavua viatu, na ndipo nilipoelewa kazi aliyokuwa anaifanya yule mama. Mgeni akijiandikisha, alikuwa anamwandikia mwenyewe, kwa mkono wake, kumuuliza ametoka wapi na ana hali gani. Halafu anamkabidhi kwa mtu mzoefu amshike mkono. Mayai ya wageni yalikaa rafu ya juu, na ilikuwa desturi kwamba unaanza na rafu hiyo kabla hujakwenda kwa rafiki zako. Anayemcheka mgeni kwa kutojua kitu, Mama Mayai alimwita pembeni, haikusemwa hadharani, na kesho yake utaona mtu huyo huyo anamfundisha yule mgeni. Watu walikaa kwenye ile tovuti miaka. Walijuana magonjwa na mitihani. Walikuwa na baraza lao la kuandikiana, Nila ananitafsiria huku anacheka, na lilifanana kabisa na baraza lolote la mtaani kwetu, umbea ukiwemo.

Hayo yote sikuyaona vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa naona neno moja tu. Yai. Kitu kilichomo ndani, hakijatoka, na hujui kitatoka au la. Nila aliponiandikisha na langu likatokea kwenye kioo, jeupe, linatikisika, nilihisi kama nimekabidhiwa tumbo la Mama.

Sijui nieleze vipi kwa mtu mzima. Hakuna aliyeniambia hivyo, na wala sikuwaza nikafikia hapo. Nilijua tu, kama unavyojua njaa. Yai hili likitoka salama, na yule atatoka salama.

Na papo hapo nikaona hatari. Rafu ya juu. Watu wangelitazama!

"Dada Nila, linaweza kufichwa?"

"Kwa nini?"

"Naona aibu."

Kilikuwepo kitufe. Kiliwekwa kwa ajili ya mayai yaliyokaribia kupasuka, mwenyewe akitaka yasiguswe mpaka awepo kushuhudia. Nila alinionyesha kwa kidole kilichojaa chumvi ya karanga, akageukia mteja aliyeingia. Nilikibonyeza. Pazia jekundu likashuka juu ya yai langu, nami kwa mara ya kwanza tangu Mama aondoke nikapumua.

Unajua mwenyewe kilichofuata. Yai lililofichwa halitembelewi na mtu. Kila mchana nilikuwa nashuka, Nila ananiwekea kiti, nafunua kidogo lile pazia la upande wangu, nachungulia. Mwanzo ukingo wake ulikuwa na buluu nyembamba kama ya maziwa yaliyotiwa maji. Nikajiambia ni taa. Siku iliyofuata buluu ilikuwa imepanda.

Na barua zikaanza kuingia. Bahasha ndogo ya manjano ilikuwa inarukaruka pembeni ya kioo.

"Wanakuandikia," Nila alisema. "Huyu anasema yai lako linapoa, fungua tuje kukusaidia. Huyu naye hivyo hivyo. Huyu mzee anasema usiogope, wote tulikuwa wageni."

"Wanataka kuliona la nini?"

"Wakusaidie, mtoto we."

"Usiwajibu."

Alinitazama vizuri, lakini hakuniuliza zaidi. Watu nisiowajua, wa nchi nisizozijua, wote kwa siku moja wanataka kuona kilichofichwa. Wameambiwa na nani? Usiku niliota bahasha za manjano zinapanda ngazi zetu.

Sikujua la kufanya. Likionwa, litakufa kwa kijicho. Likifichwa, litakufa kwa baridi. Nilikaa na hilo shuleni, mwalimu ananiuliza hesabu, namwangalia mdomo unavyocheza bila kusikia.

Kisha ikaja siku ambayo Mama mdogo Rehema alirudi mapema. Niliisikia miguu yake kwenye ngazi, mizito. Aliweka chupa ya chai mezani na kwenda kukaa kitandani bila kuvua baibui. Niliinyanyua. Ilikuwa nzito. Nilifungua kifuniko, uji ukanipiga mvuke usoni, umejaa mpaka shingoni kama alivyoupika alfajiri.

"Mama mdogo, hajala?"

Alishtuka kuliko nilivyotegemea. "Nani hajala? Nani amekwambia habari za kula? Nenda chini kacheze."

Nilishuka ngazi mbili mbili. Nila alikuwa amesimama mlangoni anajipepea na gazeti, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa zamu yetu ya mgawo. Kariakoo nzima ilikuwa inanguruma, kila duka na jenereta lake barabarani, moshi mpaka kwenye macho, na la akina Nila ndilo peke yake lililogoma. Baba yake alikuwa amechuchumaa analivuta kamba, linakohoa, linakufa. Analivuta tena. Nilisimama nyuma yake nikihesabu kila kikohozi kama ni cha Mama. Lilipowaka nilikuwa nimeshang'ata kola ya sare mpaka imelowa.

Kompyuta ilichukua muda wake. Miluzi, koroma, miluzi. Kurasa zilifunguka vipande vipande kutoka juu kwenda chini, kama zinavuliwa. Pazia likaja. Nikachungulia. Buluu ilikuwa imefika juu, imebaki kofia ndogo tu nyeupe.

Nikalia. Nililia kwa sauti mbele ya wateja wawili na baba mtu. Nila alikuja akachuchumaa.

"Sema sasa. Umelificha kwa nini?"

"Wasilitazame."

"Wakilitazama?"

"Litakufa. Kijicho." Habari za Mama nilizimeza, nilikuwa nimeapa kwa kiganja chake. Nilisema la yai tu, nikangoja kuchekwa.

Hakucheka. Alikaa sakafuni kabisa na sketi yake safi. "Kwetu mtoto akizaliwa," alisema, "tunampaka wanja, doa kubwa baya, hapa kwenye paji la uso. Jicho la mtu likija liangukie kwenye doa, lisimguse mtoto. Mama yangu alinipaka mpaka nikaanza shule, nikawa nachekwa. Nyinyi kwenu mnafanya nini?"

"Anayemtazama mtoto anasema mashaallah."

"Akisema hivyo?"

"Basi, hamdhuru."

"Haya." Akasimama, akajipangusa, akaketi mbele ya kompyuta na kuanza kuandika kwa vidole vyote, haraka, huku ananisomea kwa Kiswahili kila alichoandika. Alimwandikia Mama Mayai kwamba mtoto wa yai lile hana kiburi wala hajakosea kitufe. Kwao kitu ambacho hakijazaliwa hakitazamwi ovyo, na anayekitazama lazima atamke neno la kukikinga, neno lenyewe ni hili. Mtoto anaogopa sana, na jioni hii yai litaondolewa.

Ndipo tulipongoja. Jenereta lilikuwa linatikisa ukuta. Nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu, nikifikiria chupa ile mezani, uji unaanza kushika ngozi juu.

Bahasha ya manjano ikaruka.

"Anasema asante kwa kumwambia," Nila alisoma polepole. "Anasema hakujua, na anaomba radhi kwa kukutisha. Amewaandikia wote waliopo. Anasema hatafungua yeye. Ukiwa tayari, fungua mwenyewe."

Angeweza kulifungua. Yeye ndiye mwenye rafu, angeweza kubonyeza tu, na nadhani leo ningekuwa nimemchukia mpaka kufa. Kidole changu kilikaa juu ya kipanya mpaka kikaingia ganzi. Nilisema bismillahi, nikafumba macho, nikabonyeza.

Nilipofumbua, pazia lilikuwa limepanda na chini ya yai maandishi yalikuwa yanaanza kutokea. Mtu wa kwanza aliandika mashaallah, sawasawa kabisa. Wa pili aliandika "mashala". Wa tatu "machalla". Walikuja mmoja mmoja kutoka huko waliko, wazee, watoto, yule wa Uholanzi, kila mmoja anataja neno lile kwanza kwa tahajia yake ya ajabu, ndipo anagusa, anaondoka. Hakuna aliyesema yai ni zuri. Hakuna aliyesifia rangi. Nila alikuwa anacheka na macho yake yamelowa, na baba yake aliacha jenereta akaja kusimama nyuma yetu, mikono imejaa oili, anauliza ni nini, ni nini. Buluu ilikuwa inashuka. Uliiona kwa macho, inashuka kama maji kwenye beseni lililotoboka.

Lilipasuka kabla Nila hajafunga duka. Alitoka mnyama mdogo mwenye masikio makubwa, nusu sungura nusu komba, akajikung'uta na kupiga mwayo. Nilipanda juu nikiwa mwepesi, nikala wali wote, nikamwambia Mama mdogo, "Mama anarudi." Akanitazama kama niliyemtukana.

Na kweli alirudi, kesho yake mchana. Niliporudi kutoka shule nilikuta viatu vyake nje ya mlango, nikaviruka nikaingia.

Alikuwa amelala amegeukia ukutani. Khanga ilikuwa imelala bapa juu yake. Nilitazama kitandani, nikatazama chini, nikatazama nyuma ya mlango, mahali pote ambapo mtoto mchanga anaweza kuwekwa. Dirisha lilikuwa limefungwa na joto lote lile. Mama mdogo alinishika bega akanitoa.

"Mama yako amechoka na safari. Na watu wakikuuliza, katoka Tanga."

Hapo ndipo woga wenyewe ulipoanza. Ule wa mwanzo ulikuwa wa kungoja. Huu ulikuwa wa kujua. Nilifungua. Niliambiwa kisionwe na mtu, nikakifungua kwa kidole changu, dunia nzima ikaja kutazama. Wangu katoka, wa Mama hakutoka. Nilikuwa nimekosea hesabu mahali: labda joto lilikuwa la mmoja tu, nami nimelichukua. Sikushuka tena kwa Nila. Nila aliniulizia, mimi mtoto wake wa mchana, Mama mdogo akajibu nina homa, na homa ikaja kweli. Nilikuwa nakaa kwenye kona ya chumba ambayo Mama hawezi kuniona akigeuka, maana niliamini akiniona usoni atajua.

Nyumbani hakuja mtu. Nani aje? Hakuna aliyejua. Baba anatoka na kurudi anatembea kwa ncha za vidole kama mwizi kwenye nyumba yake. Mama mdogo anafuta meza ambayo ni safi. Na Mama ukutani.

Siku moja alasiri, Mama mdogo akiwa sokoni, sauti ya Mama ilitoka huko alikolala. "Njoo."

Nikasogea.

"Mbona unanikimbia? Unaogopa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote bila kupumua: mlango wa jikoni, yai, pazia, uji uliorudi, kitufe. Nikamwambia walilitazama wengi, Mama, wengi mno, lakini niliwaambia waseme mashaallah, na wengine hawakuweza kulitamka vizuri, labda ndiyo maana.

Nilingoja kofi. Kisha alijigeuza, taratibu, ameshika ukingo wa kitanda, na mara ya kwanza tangu arudi nikauona uso wake wote.

"Nilimficha mimi," alisema. "Nilimficha kwa kila mtu. Nilimficha kwa mama yangu mzazi. Hakuonwa na jicho hata moja, mwanangu, na hakukaa."

Nadhani yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anayasikia maneno yale.

"Alikuwa wa kike," akaongeza. Halafu akauliza, "Na huyo wako?"

"Alitoka."

"Mzima?"

"Mzima."

"Nani anamlisha?"

Nikasema sijui, sijashuka tangu siku ile. Mama akakaa kitako. Alitafuta kandambili kwa miguu, akajifunga khanga, nyingine akajitanda, akanishika bega na kuniegemea, na tukashuka zile ngazi za giza kidato kwa kidato, anapumzika kila kona. Nilikuwa naogopa atadondoka. Nilikuwa naogopa watu watamwona.

Nila aliinuka alipotuona. "Shikamoo, mama! Karibu, umerudi kutoka Tanga? Habari za huko?"

"Marahaba, Nila. Sikwenda Tanga." Mama alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Ndani palikuwa na wateja, vidole vikasita kwenye mashine. "Nilikuwa hospitali. Nilijifungua mtoto wa kike. Hakukaa."

Niliinama. Nilingoja kitu kibaya kitokee, dari lianguke, sijui. Nila alimvutia kiti akamkalisha. Akapita nyuma ya pazia la duka, nikamsikia anamwita mama yake kwa Kihindi, sauti imevunjika. Mama yake alitoka na mikono ina unga, akamkumbatia Mama kichwa pale pale kwenye kiti, unga ukamjaa kwenye khanga. Na Mama akalia. Alilia kwa sauti, mlango ukiwa wazi, Kariakoo nzima inapita.

Mpaka magharibi jengo zima lilikuwa limejua. Walianza kupanda, mama wa ghorofa ya kwanza na sufuria ya uji wa pilipili manga, wale Waarabu wa duka la tende na chupa zao za kahawa, wanawake nisiowajua hata majina, kila mmoja anavua viatu mlangoni, anaingia, anasema pole, anakaa mkekani karibu na Mama. Dirisha lilifunguliwa. Mimi nilikaa kizingitini, bado naogopa, nawaangalia wanavyomtazama. Walimtazama sana. Baba alipofika kutoka dukani alisimama kwenye ngazi na mfuko wake wa mikate, viatu vimejaa mlango mzima mpaka kwenye korido, na hakukuwa na pa kuvulia vyake.